Kijito Kilichohama

Wangechi alikuwa amebakiza nyumba moja tu. Kwa siku nne alikuwa amezunguka kijiji cha Kwa Mkonge, kule chini ya Witeithie ambako lami huisha na udongo mweusi huanza, tableti ya sensa ikimning'inia shingoni na chaki ikiwa imempaka mfuko mzima wa suruali. Nyumba mia moja na saba alikuwa amezimaliza. Ya mia moja na nane ilikuwa ng'ambo ya kijito.

"Hiyo ni yetu," alisema Wainaina, mzee wa mtaa aliyepewa kazi ya kumwongoza. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na tangu Jumapili hakuwa amenyamaza kwa muda wa kutosha kumeza mate. "Mama Mwangi ni mtu wa Kiambu tangu nikiwa kijana."

"Lakini mzee, kijito si ndiyo mpaka? Tukivuka hapa tumeingia Machakos."

"Hicho kijito ni mrongo. Wewe vuka tu."

Wangechi alikitazama kijito. Kilikuwa chembamba, maji ya magotini, na juu yake watu walikuwa wamelaza magogo mawili ya mkaratusi yanayoteleza. Alikuwa na digrii ya jiografia aliyoipata miaka miwili iliyopita, na katika miaka hiyo miwili alikuwa akimsaidia mamake kuuza viatu vya mitumba Makongeni, huku shangazi zake wakimuuliza kila wakikutana hiyo jiografia inapikwa na nini. Kazi hii ya sensa ilikuwa ya wiki moja tu, ila ndiyo kazi ya kwanza aliyowahi kupata iliyokuwa na ramani ndani yake. Hakutaka kuiharibu kwenye nyumba ya mwisho. Akavua viatu, akavishika mkononi, akavuka.

Ng'ambo kulikuwa na uwanja mpana uliofagiliwa vizuri. Upande huu ilisimama nyumba ya zamani ya mbao na mabati, na mbali kidogo, ng'ambo ya shamba dogo la nduma, nyumba mpya ya matofali yenye madirisha ya buluu. Katikati ya uwanja, kwenye kigoda, alikaa kijana aliyevaa fulana ya kung'aa kama ya Wangechi, tableti kama ya Wangechi ikiwa magotini, kikombe cha chai mkono mmoja na kiazi kitamu mkono wa pili.

"Haiya!" Wangechi akasema.

Kijana akainuka haraka, nusura chai imwagikie tableti. "Karibu sana," akasema, kana kwamba boma ni lake. "Naitwa Muthoka. Karani wa sensa, upande wa Machakos."

"Mimi ni Wangechi. Karani wa sensa, upande wa Kiambu. Na umekaa kwa nyumba yangu."

"Nyumba yako?" Muthoka akageuka kuitazama kama mtu anayetafuta jina la mwenyewe limeandikwa ukutani. "Hii iko kwa orodha yangu. Namba tisini na nne."

"Na kwa yangu ni mia moja na nane."

Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mama wa miaka sitini na kitu, mnene, leso kichwani, vikombe viwili vya chai mikononi. Alikuwa akicheka hata kabla hajasema lolote. "Na wa pili ndiye huyu. Nilijua atakuja. Kaa, mama. Wainaina, na wewe kaa, chai iko."

Huyo ndiye aliyekuwa Nekesa, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Mwangi. Wangechi alikaa, akapokea kikombe, akamweleza kwa heshima kwamba amekuja kumhesabu.

"Hata huyu alikuja jana kunihesabu," Nekesa alisema. "Nikamwambia ngoja. Kwa boma hili hahesabiwi mtu mpaka muelewane nyinyi wawili niko wapi. Nitahesabiwa mara moja. Mimi si ng'ombe wa kupita josho mara mbili."

"Kwani shosho, hujui uko wapi?" Wangechi akauliza, akimwita kama bibi yake mwenyewe.

"Mimi najua. Serikali ndiyo haijui."

Akaeleza, na mikono yake ikaeleza pamoja naye. Alitoka Bungoma mwaka wa sabini na nne akiwa msichana, akimfuata kakake aliyekuja kukata mkonge. Wakati huo hapa hapakuwa na kijiji, ni mistari ya mkonge tu hadi macho yachoke, na kambi ya wafanyakazi. Watu walitoka kila pembe: Waluhya, Wakamba, Wakikuyu, hata Adan yule wa duka alikuja na babake aliyekuwa akilinda ghala. Gichuru alikuwa dereva wa trekta, kijana mwenye maringo, akamwoa. Shamba kubwa lilipouzwa, wafanyakazi walichanga wakagawiwa vipande, na kipande chao kikaangukia hapa, ukingoni mwa kijito, upande wa Kiambu. Wakajenga mwaka wa sabini na tisa.

"Kijito kilikuwa kule," Nekesa alisema, akielekeza mkono mashariki, "mbele ya nyumba. Mwangi wangu alipokua akanunua kaploti ng'ambo, kwa Wakamba, akajenga ile nyumba ya matofali. Nikalia. Nikasema mtoto amehamia Ukambani, na mimi nikitaka kumwona lazima nivue viatu. Basi mwaka jana mwezi wa nne si mnakumbuka mvua? Ilinyesha siku tatu. Usiku tukasikia ngurumo, tukadhani ni radi. Asubuhi nafungua mlango wa nyuma niende kwa kuku. Hakuna kuku! Hakuna banda! Kuna mto!" Akapiga makofi. "Nikakimbia mlango wa mbele, nikaona matope tu na Mwangi anakuja kwa miguu kutoka kwake, hajavua viatu. Kijito kilikuwa kimepita nyuma yetu. Sisi hatukuhama hata hatua moja. Kijito ndicho kimetuhama."

"Si nilikwambia ni mrongo," Wainaina akasema.

"Tangu siku hiyo sina kwetu. Nikienda kwa ofisi ya Kiambu na barua ya kutiwa sahihi, wananiambia, mama, wewe sasa uko Machakos. Nikienda kule, wananiambia, mama, kitambulisho chako kinasema Kiambu, rudi. Sokoni wananiita mkimbizi. Lakini kukiwa na harambee?" Alimtazama Wainaina. "Harambee wote wananijua."

Wainaina aliangalia ndani ya kikombe chake.

Makarani wawili waliamua kuuliza mashine. Wangechi aliingia jikoni kwa ruhusa, akasubiri ile alama ya buluu itulie kwenye ramani. Ikatulia upande wa Kiambu. "Ni yangu!" akaita. Muthoka, aliyesimama mlangoni hatua mbili kutoka kwake, akainua yake. "Hapa inasema Machakos." Wakabadilishana mahali. Alama nazo zikabadilishana. Wangechi akazunguka nyumba mara mbili, kuku wakimfuata wakidhani ana mahindi, na alama ikaruka huku na huku kama kiroboto.

"Kila mashine inampenda mwenyewe," alisema Nekesa, akifurahia kabisa.

Mwishowe Wangechi akampigia simu Akello, msimamizi wake aliyekuwa Ruiru, akaiweka simu kwenye spika ili Muthoka naye asikie. Karatasi zikasikika zikipinduliwa upande wa Akello.

"Sikilizeni," akasema. "Kijito kikihama, mpaka haukifuati. Unabaki pale kilipokuwa kikipita ramani ilipochorwa. Hapa kwangu kuna alama ya bikoni, kwenye kona ya mkondo, ukingo wa upande wa Kiambu. Iko karibu na hapo mlipo. Itafuteni. Mpaka ni katikati ya mkondo, hatua tano mashariki ya bikoni. Na mmalize leo, tafadhali."

"Bikoni inafanana aje?" Nekesa akauliza simu ilipokatika.

"Jiwe la saruji, shosho, lina chuma katikati."

Nekesa akatikisa kichwa. Hakuwahi kuona. Wainaina naye hakuwahi kuona, ingawa alieleza kwa kirefu mahali ambapo angeliweka yeye kama angeulizwa.

Muthoka alitaka waanze kupekua vichaka kimoja kimoja. Wangechi akamwambia asubiri. Alisimama mbele ya nyumba akaiangalia nchi, polepole, kama alivyokuwa akifundishwa kuangalia na kama ambavyo hakuna mtu aliyemwomba aangalie kwa miaka miwili. Ilikuwa mwisho wa Agosti na kila kitu kilikuwa kimekauka. Mabua ya mahindi yalikuwa meupe, nyasi zilikuwa za rangi ya mkate. Lakini kati ya nyumba ya zamani na ile ya matofali kulikuwa na utepe wa kijani uliopinda: nduma zenye majani mapana, kisha miwa, kisha matete, kisha nduma tena, hadi ukapotea kule chini.

"Shosho, hizi nduma ulipanda lini?"

"Mwaka jana, mvua ilipoisha. Matope yalikuwa yamefunika kote, hata sijui tena kijito kilipita wapi hasa, lakini hapo hapakauki. Hata mwezi wa pili nilivuna."

"Naomba jembe."

Alichimba yeye mwenyewe, pembeni ya nduma, asije akaharibu. Udongo mweusi ulikuwa wa kina cha kiganja tu. Chini yake kulikuwa na mchanga wenye unyevu, na chini ya mchanga, mawe madogo ya mviringo. Akaokota moja, akalifuta kwa kidole, akampa Muthoka.

"Lishike. Lina kona?"

"Halina."

"Jiwe la shambani lina kona. Hili limeviringishwa na maji miaka mingi. Tumesimama kwenye kijito. Hata maji bado yanapita hapa chini, ndiyo nduma zinakunywa." Alipoinuka uso wake ulikuwa umejaa jasho na furaha. "Sasa tufuate kijani. Akello amesema kona. Bikoni iko penye kona, upande huu wa kwetu."

"Wa kwenu bado hatujajua," Muthoka akasema, lakini alishika jembe akamfuata.

Waliandamana wote wanne kando ya nduma. Miwa ilipoishia utepe ulipinda ghafla, na hapo kwenye ukingo, juu ya kichuguu kidogo, alikuwa amesimama beberu mweusi mwenye ndevu. Kamba yake ilikuwa fupi. Alisimama juu ya kitu, miguu minne ikiwa imekusanyika pamoja, akiwatazama kama mwenye nyumba anayeona wageni asiowaalika.

"Amesimama juu ya nini?" Wangechi akauliza.

"Hapo ndipo mzee wangu humfunga," Nekesa alisema. "Kuna kachuma kazuri."

Wangechi na Muthoka wakatazamana.

"Kachuma gani?" wakauliza pamoja.

Wainaina akajitolea kumwondoa. Alisema yeye na mbuzi wanaelewana tangu utotoni. Akamkaribia kwa maneno matamu, akashika kamba, akageuka ili amvute, na hapo beberu akainamisha kichwa akamgonga mahali panapokaliwa. Wainaina akaruka ukingo mzima akatua katikati ya nduma, kofia ikabaki juu. Nekesa alicheka mpaka akaketi chini. Muthoka alijaribu kujizuia kwa ajili ya heshima, akashindwa. Beberu mwenyewe aliichukua ile kofia akaanza kuionja.

"Meneja! Wacha!" Sauti ilitoka nyuma yao. Mzee mrefu, mwenye gambuti na redio ndogo kwapani, alikuwa akishuka taratibu. Alikuwa Gichuru, mume wa Nekesa. Alifungua fundo, akampiga beberu kofi la upendo shingoni, akamsogeza kando kama anayefungua mlango. "Mnamsumbulia nini?"

Mahali aliposimama Meneja palikuwa na jiwe la mraba lililofunikwa na samadi na kuvu. Muthoka alilisugua kwa matete, Wangechi akalimwagia maji ya chupa yake. Ikatokea saruji ya kijivu, chuma kilichong'aa kwa kusuguliwa na kamba, na namba nne zilizochongwa.

"Kumbe ndiyo hii?" Gichuru akasema. "Nimefunga mbuzi kwa mpaka wa kaunti mwaka mzima, na hakuna mtu ameniambia."

Wangechi akapiga picha, akaituma. Dakika tano baadaye Akello akajibu kwa maneno mawili: "Ndiyo hiyo."

Wakahesabu hatua kutoka kwenye jiwe. Tano mashariki zilifika katikati ya nduma. Nyumba ya mbao ilikuwa upande wa magharibi, Kiambu bila ubishi. Nyumba ya matofali ya Mwangi ilikuwa Machakos. Muthoka akampa Wangechi mkono, akauinamia kidogo. "Umenishinda kwa haki. Mimi ningekuwa bado napekua vichaka."

Nekesa hakusubiri. Alishika leso akaizungusha hewani, akacheza kutoka kwenye jiwe hadi mlangoni mwake, akiimba kitu cha kwao Bungoma. "Wainaina! Uende uwaambie soko lote! Mkimbizi ni nani sasa?" Akaingia ndani, akatoka na kitambulisho chake, akaketi kizingitini, mgongo wima kama anayepigwa picha. "Sasa nihesabu."

Wangechi akaandika namba mlangoni kwa chaki, akakaa mbele yake, akafungua tableti. "Swali la kwanza, shosho. Nani alilala katika nyumba hii usiku wa kuamkia Jumapili?"

Nekesa alishusha kitambulisho magotini.

"Jumapili gani?"

"Hii iliyopita. Usiku wa sensa."

Nekesa aliangalia nyumba ya matofali, ng'ambo ya nduma. Kutoka huko kulisikika mtoto mchanga akilia. "Shiko alitoka hospitali Jumamosi," akasema polepole. "Mke wa Mwangi. Amejifungua. Mtoto wa kwanza, hajui hata kumshika. Nililala kule. Nimelala kule tangu siku hiyo."

Wainaina aliacha kupangusa matope. Kisha akainama akanong'ona, "Si uandike tu hapa. Nani atajua?"

Wangechi alihisi kidole chake kikiwa juu ya kioo. Lilikuwa jambo dogo sana. Mama huyu alikuwa amengoja mwaka mzima, na alikuwa amempa chai. Lakini alikuwa ametoka kuchimba shamba la watu akitafuta ukweli, na hakuona vipi angeuficha tena kabla jembe halijakauka.

"Shosho," akasema, "sensa inamwandika mtu pale alipolala usiku ule. Muthoka atakuandika kwa Mwangi. Nikikuandika na mimi, utakuwa umehesabiwa mara mbili. Na wewe ndiye ulikataa."

Nekesa alimtazama. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, na kicheko kikatoka. "Ati josho! Nimejifunga mwenyewe. Kwa hivyo nimezaliwa Bungoma, nimeolewa Kiambu, na nimehesabiwa Machakos!"

"Lakini nyumba yako iko Kiambu," Wangechi alisema haraka. "Hiyo haibadiliki. Kuhesabiwa hakumhamishi mtu. Nitakuchorea."

"Na hii nyumba yangu, mwanangu, itaandikwa tupu?"

Gichuru akakohoa. Alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, redio ikizungumza kwa sauti ya chini. "Mimi nililala hapa," akasema. "Peke yangu. Hata chai hakuna mtu alinipikia. Andika: Gichuru. Kiambu yote ya boma hili nimeishikilia mimi."

Wakamwandika Gichuru. Alijibu kila swali kwa uzito wa mtu anayeapishwa, hata lile la idadi ya mbuzi. Kisha wote wakavuka nduma kwenda kwa Mwangi, ambapo zamu ilikuwa ya Muthoka. Mwangi, ambaye marafiki walimwita Mwas, alikuwa amerudi kutoka kazini Thika na alikuwa ameketi kando ya mkewe, akimwogopa mtoto wake mwenyewe. Muthoka akaandika Mwangi. Akaandika Shiko. Akaandika Nekesa, uhusiano na mkuu wa kaya: mama. Kisha akafika kwa mtoto.

"Jina?"

Shiko na Mwangi wakaangaliana. "Bado," Shiko akasema. "Kwa kawaida msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba. Lakini shosho anakataa. Anasema ni jina la mashambani."

"Ni la mashambani kweli," Nekesa akasema. "Mtoto wa siku hizi anataka jina la simu."

Muthoka alikuna kichwa. Ile nafasi ya jina ilikuwa tupu, na kidole chake kilingoja. Ndipo Gichuru, ambaye hakuwahi kuonekana akiharakisha chochote, akanyoosha mikono akamchukua mtoto, akamwangalia usoni.

"Huyu atakulia mahali ambapo hata mto haukai," akasema. "Apewe jina la mtu anayekaa. Andika Nekesa."

Nekesa mkubwa aligeuka akatazama dirishani, akasema moshi wa jikoni unamwingia machoni, ingawa jiko lilikuwa limezimwa tangu mchana. Hakukataa tena.

Jua lilikuwa halijazama walipomaliza. Wangechi alichana karatasi mbili kutoka daftari lake, akachora kwa penseli kila kitu: kijito cha sasa, mkondo wa zamani, jiwe na namba zake nne, nyumba mbili, na hatua alizozihesabu. Karatasi moja akampa Nekesa, nyingine akaiambatanisha na ripoti yake kwa Akello. Nekesa aliipeleka yake kwenye ofisi mbili wiki iliyofuata, akaitandaza mezani, akawauliza waonyeshe kwa kidole yeye anakaa wapi. Upande wa Kiambu ndio uliotia sahihi barua yake. Upande wa Machakos ulimwambia karibu wakati wowote, kwa vile mjukuu ni wao.

Mwezi wa kumi Akello alimpigia Wangechi simu. Kuna mpima ardhi Ruiru, alisema, aliyeuona ule mchoro na kuuliza ni nani aliyesoma kijito kwa nduma. Wangechi alianza kazi kwake Jumatatu, mtaa wa Mwihoko, kupima viwanja vilivyobanana kiasi kwamba fimbo ya kupimia ililazimika kupitishwa juu ya kamba za nguo za watu. Mamake aliwaambia shangazi wote.

Muthoka alirudi kufuga kuku wake kule Machakos. Jumamosi moja alituma ujumbe kwamba analeta mayai soko la Thika, na kama Wangechi hana haraka, kuna mahali karibu na stendi wanapika samaki vizuri. Wangechi alisoma ujumbe mara mbili. Kisha akajibu kwamba Thika iko Kiambu, kwa hivyo mgeni ni yeye Muthoka, na mwenyeji ndiye atakayechagua mahali.